Katikati Pawe Peupe

Katika nchi hii mtu hafi, hukatwa. Anaweza kuanguka mnazini, anaweza kumalizwa na homa, na bado jina lake likaitwa na sahani yake ikawekwa mkekani, ilimradi yumo ndani ya Picha. Asiyemo, hata awe mzima wa kubeba magunia mawili, watu humpita kama mlango uliozibwa. Mkewe hutandika kitanda upande mmoja. Wanawe huuliza mbona hatuna baba, na mama yao hufikiri, akafikiri tena, akasema: labda hatukuwahi kuwa naye. Kisha hupakua wali. Haijulikani waliokatwa huenda wapi. Pengine hawaendi popote. Pengine wamesimama palepale, wanapiga kelele, na hakuna jicho lenye nafasi ya kuwaweka.

Picha ya nchi nzima hupigwa mara moja, ikatundikwa ukutani, na hapo ndipo mwaka huanza. Si mwaka unaoleta Picha, ni Picha inayoleta mwaka. Kuna mara kioo kiliponyoka mkononi kikavunjika kabla ya kutundikwa, na mwaka mzima ukapotea. Watoto waliolala wana miaka sita waliamka wana minane, meno yamekwisha kuota, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuwa na miaka saba. Aliyekiponyosha kioo kile ni Sikudhani, mpiga picha wa nchi, na kati ya watoto wale alikuwamo Mashavu, binti yake wa pekee. Watu walisahau. Sikudhani hakusahau.

Hakuweza kusahau, kwa sababu hakuwamo ndani ya Picha na hajawahi kuwamo. Mtu hawezi kuwa nyuma ya kamera na mbele yake kwa wakati mmoja. Nchi ilimwona kwa ajili ya kazi tu, kama mwenye njaa anavyouona mkono unaogawa chakula pasipo kumwona mwenye mkono. Bintiye alimwita Mama, na baadaye mume wa bintiye naye. Wengine wote walimwita Mpiga. Na kwa kuwa Picha haikumshika, usahaulifu nao haukumshika. Aliwakumbuka wote aliowakata, kwa majina, kwa makovu, kwa namna kila mmoja alivyokuwa akikohoa. Kila mwaka kingo za kioo zilikata watu, maana nchi ni pana kuliko kioo, na mtu lazima aamue aanzie wapi. Yeye aliamua. Alikuwa hodari wa kuamua. Aliweka miguu mitatu ya kamera, akajifunika kitambaa cheusi, akaitazama nchi nzima ikiwa imepinduka, kichwa chini miguu juu, ndivyo kamera ya zamani inavyoonyesha, na katika kupinduka huko aliwajua watu kuliko walivyojijua. Mtu aliyepinduliwa hana cheo. Ana uzito tu, ana giza na mwanga, na anasimama mahali panapofaa au pasipofaa.

Mtawala wa nchi anaitwa Kitovu. Hana jina jingine. Tangu Picha ya kwanza ameketi katikati, na wengine wote wamemzunguka kama nyuzi za ukili zinavyozunguka kitako cha kikapu. Sikudhani alikuwa na binti mmoja na akili yake mwenyewe, basi akamsimamisha Mashavu hapohapo katikati, chini ya kwapa la Kitovu. Kila mwaka. Alimwambia, "Kisu huanzia pembeni, mwanangu. Hapa hakifiki." Na hakikufika. Mashavu alikua chini ya kwapa lile mpaka akawa mwanamke, akaolewa, akamleta na mumewe pale pale. Majirani waliokuwa na akili nao walisogea. Mwaka hadi mwaka katikati pakajaa.

Mwaka huu alirudi Bwana Mizani. Alikuwa amepelekwa ng'ambo ya uwanja wa chumvi kujifunza namna jicho linavyotembea, na amerudi amevaa miwani isiyo na vioo, fremu tupu, ili, alisema, asisahau kamwe kwamba kila kinachoonekana kina ukingo.

Alimkuta Sikudhani anafuta kamera uani kwa Kitovu. Kitovu mwenyewe alikuwa juu ya kiti, anakula korosho.

"Wewe Mpiga," alisema Mizani, "nani alikufundisha kumweka mkubwa katikati, kama kifungo cha shati?"

"Katikati ndiko kwa mkubwa."

"Katikati ndiko kwa maiti. Tazama jeneza linavyowekwa." Akachora mchangani kisanduku, akakipitishia mistari miwili ya wima na miwili ya mlalo, kikawa vyumba tisa. "Jicho halikai chumba cha katikati. Likifika linachoka, linalala. Jicho linapenda hapa." Akachoma kidole pale mistari inapokatana. "Njia panda. Ziko nne. Mkubwa akae njia panda ya kulia, na mbele yake pawe na nafasi. Nafasi tupu, nyeupe, kubwa. Ukubwa wa mtu ni ule utupu ambao wengine hawathubutu kuujaza."

Kitovu aliacha kutafuna. Sentensi ile ilimwingia kama mafuta ya moto sikioni. "Hebu rudia," alisema.

Mizani akarudia.

"Miaka yote hii nimekuwa kifungo," alisema Kitovu. Alimtazama Sikudhani kama anayemtazama mpishi aliyemlisha mchanga. "Na wewe ulikuwa unajua?"

"Sikujua, mkubwa. Na walioko katikati sasa?"

"Ni wangapi?" aliuliza Mizani.

"Arobaini na mmoja."

Hapa ndipo jambo lenyewe lilipokaa, na ni vyema lisemwe wazi, maana Sikudhani aliliona lote kwa mara moja. Mahali alipomficha mwanawe pasifikiwe na kisu, ndipo kisu kinapoanzia mwaka huu. Hakulia. Si mtu wa kulia kazini. Alianza kupanga: nimsogeze kushoto, nimweke nyuma ya ngoma inayowekwa pembeni, nimvike shuka la mtu mwingine. Lakini safu za pembeni zimejaa, na huko kila mtu anajua kiwiko chake kinaishia wapi; ukimwingiza mmoja, mmoja atapiga yowe.

"Usimhangaishe mtu," alisema Mizani, kana kwamba amemsikia akiwaza. "Watu wakisukumwa hukunja uso, na mimi sitaki nyuso zilizokunjwa. Kila mtu asimame anapotaka. Wewe piga, halafu isafishe."

"Niisafishe tu?"

"Uisafishe vizuri."

Sikudhani alivuta pumzi mpaka mbavu zikauma. Kwa mpiga picha, kusafisha ni kukitia kioo kwenye dawa, ndani ya chumba cha giza, mpaka nyuso zilizolala humo zitokee. Ndiyo kazi yake ya kila mwaka. Hakuna picha isiyosafishwa. Basi ameshinda, alijiambia. Bwana huyu ana maneno mengi, lakini mwisho wa maneno ni kazi ileile. Akaenda zake akiwa mwepesi, na akamwambia Mashavu asimame palepale pa siku zote.

*

Siku ya Picha chumvi ya uwanja ilimeta mpaka mbuzi wakafumba macho. Watu walikuja wamejipaka mafuta, wamevaa vya sanduku. Kitovu alibebwa na kiti chake mpaka njia panda ya kulia, na walipokitua, wale arobaini na mmoja wakabaki katikati peke yao, wanacheka, hawajui wanacheka nini.

"We Mpiga, mwaka huu nikate tumbo!" alipiga kelele Bi Mwashamu, jirani, aliyemnyonyesha Mashavu pale Sikudhani alipokauka maziwa.

"Nikikukata tumbo nitabakiza nini, Bi Mwashamu?"

"Hee! Ana matusi huyu!"

Ngwali, mume wa Mashavu, alikuwa mfupi na hakuona aibu kuusema ufupi wake. "Mama," alimwita mkwewe, "leo nitokee mrefu, nakuomba."

"Urefu ungemwomba baba yako, mimi nina kamera tu."

"Basi Mashavu apinde magoti."

"Mimi?" alisema Mashavu. "Nimpindie magoti mtu niliyeolewa naye kwa huruma?" Arobaini na mmoja wakaangua kicheko, na kicheko kile kilimfanya Mizani, kule alikosimama, aandike kitu kwenye kiganja.

Sikudhani akajifunika kitambaa. Ile nchi iliyopinduka ikatulia. Alihesabu kwa sauti mpaka thelathini, kama kawaida, maana kamera yake inahitaji pumzi thelathini za kutotikisika, na anayetikisika hutoka ukungu, na aliyetoka ukungu huishi mwaka mzima bila kujua kama ana njaa au ameshiba. Hakuna aliyetikisika. Hata watoto hawakutikisika. Katika nchi hii mtoto hujifunza kutotikisika kabla ya kujifunza kusema.

Alikisafisha kioo mchana uleule. Nyuso zikapanda kwenye dawa, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka kuoga. Katikati pote pamecheka. Alifikiri, hii ndiyo nzuri kuliko zote nilizopiga. Akakikausha, akakifunga kitambaani, akakipeleka.

Mizani alikiinua mbele ya dirisha. Akakishusha.

"Nilikwambia uisafishe."

"Nimesafisha, bwana."

"Hii umeisafisha?"

"Dawa mbili na maji matatu. Harufu bado ninayo mikononi."

Mizani alimtazama, kisha akaelewa, kisha akacheka mpaka miwani yake isiyo na vioo ikaning'inia sikio moja. "Mkubwa! Mkubwa, sikia! Nimemwambia asafishe, ameenda kuiosha!" Kitovu naye akacheka, korosho zikamrukia kidevuni. Walicheka muda mrefu, si kwa ukali, kwa furaha kabisa, kama watu wanavyomcheka mgeni aliyekunywa maji ya kunawia. Na Sikudhani, ambaye amelitumia neno lile maisha yake yote, alilisikia likigeuka kinywani mwao na kuonyesha upande wake wa pili, wenye meno.

"Kusafisha ni kuondoa, Mpiga," alisema Mizani akijifuta machozi. "Hawa arobaini na mmoja. Katikati pawe peupe. Unao wembe?"

"Ninao."

"Basi nenda."

"Bwana Mizani. Mmoja ni mwanangu."

"Wangekuwa si wana wa watu, tungehitaji kuwaondoa?"

"Nibakizie huyo. Mmoja tu. Mtu mmoja hawezi kukujazia uwanja wote ule."

Mizani aliacha kucheka. Hapa alikuwa mwalimu, na mwalimu hawezi kuliacha kosa lipite. "Afadhali wangebaki wote," alisema. "Arobaini na mmoja ni kelele, jicho halina pa kushika. Lakini mmoja? Mmoja katika utupu? Doa moja kwenye kanzu nyeupe, unaona kanzu au unaona doa? Ukimwacha mmoja pale, mkubwa hatakuwapo tena. Jicho lote litakwenda kwake, litalala kwake, litaamka kwake. Umeelewa?"

"Nimeelewa," alisema Sikudhani.

Na ni kweli alielewa.

*

Alikaa kwenye chumba cha giza, mlango wazi, kioo kimeegemea mwanga. Kwenye kioo weupe ni weusi na weusi ni weupe. Mtu unamkwangua kwa ncha ya wembe, halafu unapaka wino mahali alipokuwa, na panapopakwa wino ndipo panapotoka peupe karatasini. Ukiwa na mkono mzuri, hata kivuli chake hakibaki.

Kabla ya kuanza aliuweka wembe juu ya uso wa Kitovu. Tuseme ukweli: aliuweka. Pale njia panda, uso ule ulikuwa mdogo kama punje ya mtama, na ungetoka kwa mkwaruzo mmoja. Wangebaki arobaini na mmoja, wote, Bi Mwashamu na tumbo lake, wote. Nchi ingeamka bila Kitovu. Halafu? Nchi isiyo na kitovu itatafuta kitovu. Jicho lingezunguka katika wale arobaini na mmoja, likimpima huyu, likimpima yule, na mikono ingefuata macho, na Mashavu angekuwa mmoja katika arobaini na mmoja. Sikudhani hakuwa mtu wa kubahatisha. Akauondoa wembe juu ya Kitovu, akauleta katikati.

Anza na usiowapenda. Faki, aliyeuza mkaa uliochanganywa na udongo. Ametoka. Mkewe Faki, kwa sababu atamlilia. Hatamlilia, hatamkumbuka. Mtoe hata hivyo. Wale ndugu watatu wasiojibu salamu. Salamu yao ya mwisho ni hii.

Mkono usitetemeke. Ukitetemeka utamgusa yeye.

Unaowajua kidogo. Unaowajua. Yule aliyekukopesha sindano. Watu si watu, ni giza na mwanga. Nani alisema hivyo? Wewe ulisema. Ulisema ukiwa umejifunika kitambaa, na ulijiona una hekima.

Je, mtu yuko anaposimama, au yuko anapoonekana? Kama yuko anaposimama, basi sijamdhuru yeyote, nakwangua dawa kwenye kioo, niacheni. Kama yuko anapoonekana, basi mimi ndimi ninayewaumba, na aliyeumba ana ruhusa. Jibu lolote lile linanifaa. Ndiyo maana yote mawili ni uongo.

Bi Mwashamu. Maziwa uliyompa Mashavu yamo mifupani mwake. Hayo sitayakwangua.

Kufikia alasiri walikuwa wametoka thelathini na tisa. Walibaki wawili katika uwanja, wameshikana mikono. Hakuwa ameliona hilo uwanjani, wala chini ya kitambaa. Ngwali alikuwa amesimama kwa vidole vya miguu, kisigino hewani, apate urefu kidogo, na ili asitikisike katika zile pumzi thelathini alikuwa ameushika mkono wa mkewe. Si kwa mapenzi ya kuonyesha watu. Kwa kujizuia asianguke. Vidole vya Mashavu vilikuwa vimeuzunguka mkono wake, vimekaza, na mdomo wake ulikuwa umezuia kicheko.

Wawili si mmoja, alisema Sikudhani. Wawili, jicho litakwenda kwa huyu lije kwa yule. Litagawanyika. Mizani atasema wawili ni hadithi, si kitovu.

Alianzia visiginoni. Alikwangua kwenda juu. Alipofika mkononi alipunguza pumzi, na akautoa mkono wa Ngwali ndani ya mkono wa Mashavu kama mtu anavyotoa mwiba kwenye jicho la mtoto. Vidole vya Mashavu hakuvigusa. Mkwaruzo mmoja pale, na binti angebaki na vidole vitatu. Akaviacha vimekunjwa hivyo hivyo, vimezunguka kipande cha hewa chenye ukubwa wa mkono wa mtu.

Akapaka wino.

*

Picha ilitundikwa kabla Mizani hajaikagua, na mwaka ukaanza.

Ilikuwa kama alivyosema mwalimu. Watu waliingia uwanjani wakainua nyuso, na jicho la kila mmoja likavuka safu za pembeni, likavuka ngoma, likampita mtu mmoja mnene aliyeketi kwenye kiti upande wa kulia, likaenda katikati ya ule weupe, likatua. Mwanamke mmoja. Uwanja wote ni wake. Hakuna aliyethubutu kumkaribia, hata chumvi yenyewe ilionekana kumwogopa. Wazee wakavua kofia.

"Mimi!" alipiga kelele yule mnene. "Mimi! Huku! Njia panda!"

"Nani anakohoa?" aliuliza mtu.

Bwana Mizani alisimama kidogo, kichwa kimeinama upande wa kulia kama mtu anayejaribu kukumbuka ndoto. Kisha uzito ukamvuta, maana mizani haina rafiki, inakwenda penye uzito. Alikwenda akachota mkaa na kuchora duara kubwa juu ya chumvi, na Mashavu ndani yake, na akatangaza kwamba atakayevuka mstari atakuwa ameharibu Picha. Alitangaza kwa sauti nzuri. Hakukumbuka kwamba aliwahi kumhudumia mwingine.

Sikudhani alikuja na vitafunio, kama mama anavyomletea mwanawe. Alisimama kwenye mstari wa mkaa, hakuuvuka.

Mwanawe alikuwa hai. Ndilo alilolitaka na ndilo alilolipata, na hakuna anayeweza kumwambia hakulipata. Alikuwa amesimama katikati ya weupe, uso mtulivu, anaitazama ile Picha ukutani. Nyuma ya duara watu walikuwa wanapita na shughuli zao, na Sikudhani aliona jambo alilodhani ni macho yake yamechoka. Muuza maji alibeba ndoo kwa mkono mmoja, na ule wa pili ameukunja vidole, ameuweka kando ya paja, wazi katikati, kama ameshika kitu. Wanawake wawili waliokuwa wakiteta wamekunja hivyo. Mizani mwenyewe amekunja. Mtoto mchanga, mgongoni, mama yake anamkunja vidole kimoja kimoja na mtoto analia.

"Mama," aliita Mashavu.

"Labeka," aliitika Sikudhani, na akajishangaa, maana labeka huitikiwa mkubwa, na hajawahi kumwitikia hivyo mtoto aliyemzaa.

"Huu mkono wangu pale." Mashavu alionyesha ukutani. "Umekunjwa. Na huu hapa nao haunyooki tangu asubuhi. Unauma. Nauliza watu hawajui." Aliuinua, akautazama kama chombo cha jirani kilichosahauliwa nyumbani kwake. "Pale nilikuwa nimeshika nini?"

Jina lilikuwa mdomoni mwa Sikudhani, zima, pamoja na visigino vyake na masihara yake. Angelisema lingesikika. Mashavu angeuliza nani, na baada ya nani angeuliza wapi, na anayetafuta hutikisika, na katika nchi hii anayetikisika hutoka ukungu. Ule uso uliotulia ungetafuta kila kona ya uwanja, na watu wangefuata macho yake, na macho yao yangemwacha.

"Hukuwa umeshika kitu, mwanangu," alisema. "Lilikuwa pozi."

Mashavu aliendelea kuutazama mkono. Kitu fulani kilimpita usoni, kama kivuli cha ndege juu ya uwanja, kikatafuta pa kutua, kikakosa. Akakaza vidole.

"Pozi zuri," alisema. "Mwakani wote wakae hivi. Atakayeshindwa, umkate."